Imepumzika

Mashine ya kupasulia kimea ilianza vituko muda mfupi baada ya aliyeiunda kuzikwa, na kama ingekuwa mtu, majirani wangeisamehe wakasema imefiwa.

Kabla ya hapo ilikuwa na adabu zake. Mama Kimea alipotaka kupika bia ya nyumbani, alimimina kwenye faneli ya bati kimea, yaani shayiri aliyokwisha kuiotesha na kuikausha, akaenda jikoni akawasha swichi ya ukutani, na kule stoo roli mbili za chuma zilizolala ubavu kwa ubavu zikaanza kuzunguka, kila moja ikizungukia kwa mwenzake, zikazipokea punje na kuzipasua. Kuzipasua tu, si kuzisaga. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe: ganda libaki zima, kiini kipasuke. Ukishatoa unga, hupiki bia tena, unapika uji, tena uji ambao hata mbwa wa jirani anaunusa na kwenda zake.

Aliyeiunda alikuwa kaka yake mkubwa, mtu wa gereji ambaye watu wote walimwita Spana, hata padri aliyemzika aliteleza ulimi akamwita hivyohivyo. Mota aliichomoa kwenye mashine ya kufulia iliyotupwa, mkanda ulitoka kwenye gari fulani, roli alizichonga mwenyewe akazitia meno madogo madogo. Stoo haikuwa na swichi, basi akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaweka swichi jikoni kando ya jiko. Alisema ni kwa muda tu. Hiyo "kwa muda" ya mafundi tunaifahamu sote: Spana aliondoka duniani na swichi iko palepale.

Mama Kimea naye jina hilo alipewa na majirani, kwa ajili ya magunia yaliyokuwa yakichipua kwenye veranda yake. Hakuwa muuzaji. Alipika kwa ajili ya ndugu na marafiki, na kwa ajili ya yule kaka, ambaye kila pipa jipya alilionja wa kwanza, akakunja uso kama aliyepewa dawa, kisha akaomba glasi ya pili. Kaka huyo alikuwa amemlea. Alipokufa, Mama Kimea hakulia sana mbele za watu, ila alinyamaza, na ukimya wake ulijaa nyumba mpaka mumewe akawa anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, na mikono yake ndiyo iliyoisimamisha nyumba na kumsomesha binti yao mpaka akaenda kwake. Alikuwa akikata kitambaa kwa jicho, bila chaki, mkasi ukipita kama unaoijua njia. Mtu akimsifu, anasema si yeye, ni vidole, yeye anavifuata tu. Na ni kweli kwamba ukimwondolea fundi cherehani vidole vya mkono wa kulia, unabaki na mzee aliyekaa mbele ya cherehani akiitazama.

Sasa kuna neno moja inabidi lielezwe, maana mambo yote yaliyofuata yamelizunguka neno hilo. Mume huyo, Fundi kwa watu wote, hakupenda kusema "zima". Bibi yake aliyemkuza aliona kuzima ni neno la watu waliokata roho, na kwake kila kitu kilichomaliza kazi kilipumzishwa: taa ilipumzishwa, pasi ilipumzishwa, redio ilipumzishwa. Mama Kimea alipoolewa alimcheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha naye akazoea, na binti yao alikwenda shule akamwambia mwalimu kwamba feni imepumzishwa. Basi katika nyumba ile, Fundi akisema kitu kimepumzika, maana yake swichi imeshushwa na umeme haupo.

Lakini Spana naye alikuwa na neno lilelile, na kwake lilikuwa na maana nyingine. Siku alipoileta mashine alimweleza dada yake kwamba ndani ya mota kuna kidude kidogo kinachokata umeme joto likizidi. Mota ikichoka inapumzika yenyewe, alisema, na ikipoa inaamka yenyewe, haimwombi mtu ruhusa. Akamwonya kwamba ikipumzika asiiguse mpaka azime ukutani. Dada aliitikia ndiyo, kaka, kama anavyoitikia mtu anayewaza mambo mengine, na kwa kuwa mota ilikuwa nzima wakati ule, haikupumzika hata mara moja. Maana hizo mbili zikakaa nyumba moja, kila moja na mwenyewe, na hakuna aliyeona haja ya kuzikutanisha.

Ubovu ulianza na bolti. Kuna bolti inayoshika roli ya pili isisogee, na bila Spana wa kuikaza kila mara, ililegea. Roli zikawa leo zinapitisha punje nzima nzima, kesho zinakaribiana mno na kutoa unga. Mama Kimea aliikaza kwa koleo, akakosea, akaikaza tena. Unga ule mweupe ulipanda hewani, ukatua kwenye rafu, kwenye nywele zake, na bila yeye kujua ukaingia kwenye matundu ya mota na kuziba pale inapopumulia.

Siku ilipozimika mara ya kwanza alikuwa peke yake. Fundi alikwenda kununua nyuzi. Mlio ulikatika ghafla, roli zikasimama na punje zikiwa katikati ya meno, na stoo ikawa kimya kiasi cha kusikia maharage yakichemka upande wa pili wa ukuta. Mama Kimea aliipiga kofi. Akaitikisa. Kisha akakaa kwenye kigoda akalia, maana ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wa kaka yake na sasa nayo imekwenda. Alilia kilio ambacho alikuwa hajakitoa makaburini, na alipokuwa anajifuta uso kwa kanga, mota ikakoroma, mkanda ukashtuka, roli zikaanza tena.

Aliruka kutoka kigodani. Halafu akakumbuka maneno ya Spana, akacheka. Alicheka kwa sauti, akiwa peke yake, na unga puani. "Umeamka?" akaiuliza. Ndivyo kaka yake alivyokuwa, mtu wa kusinzia kwenye kiti katikati ya mazungumzo na kuamka akiendelea na sentensi yake.

Angezima siku ile, akamwita fundi wa umeme aisafishe mota, hadithi hii isingekuwepo. Lakini tangu siku ile alianza kuingoja. Mashine ikipumzika hakwenda tena jikoni kuishusha swichi. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akaingoja iamke, na katika kungoja huko akaisimulia habari za nyumbani: binti kapiga simu, paa la jirani limevuja, shemeji yako kashona suti ya bwana harusi mnene kama pipa. Kisha mota inakoroma. Aliona kama anajibiwa. Alijua si kweli, hakuwa mwendawazimu, lakini moyo haukutaka kuelezwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anatoka stoo na uso mkunjufu.

Fundi aliuona uso huo, akala chakula chake kwa raha kidogo. Alitaja mara moja tu kwamba mlio wa mashine si ule wa zamani, na kwamba anamfahamu fundi wa umeme anayeweza kuitia mota mpya. Mama Kimea aliweka kijiko chini. Akasema wakishaitia mota mpya itakuwa mashine ya nani? Fundi akaomba chumvi. Hakuligusa tena jambo hilo.

Kumbe mashine ilikuwa inazidi kuharibika. Mwanzoni ilipumzika kwa muda wa kutosha kuosha vyombo vyote vya mchana. Baadaye ukawa muda wa kumenya kitunguu. Baadaye haikueleweka kabisa: pengine ilikaa kimya mpaka chuma chote kikapoa, pengine ilinyamaza kidogo tu kama mtu anayemeza mate, ikaendelea. Na ilipoamka haikuamka taratibu kama zamani. Ilirukia kazi kwa nguvu, mkanda ukipiga kelele, faneli ikitikisika.

Siku moja punje zilikwama, naye akaingiza mwiko wa mti kuzichokonoa, akiisimulia kitu gani sijui. Roli zikaamka zikaushika mwiko. Zilimnyang'anya mkononi. Mwiko uliingia mpaka mpini, ukatafunwa kwa mlio ambao ulimkaa masikioni siku nzima, na vipande vikaanguka kwenye ndoo pamoja na kimea. Mama Kimea alisimama akiitazama mikono yake kana kwamba anaihesabu. Siku hiyo hakucheka.

Hapo alipata hofu, na hofu yake haikuwa ya mwiko. Aliona kwamba Fundi akijua, mashine haitalala tena ndani ya nyumba ile. Atamwita mtu wa vyuma chakavu asubuhi yake, na atakuwa na haki. Kwa hiyo aliviokota vipande vyote, akavitia jikoni chini ya sufuria, akavichoma. Mumewe alipouliza mwiko uko wapi, alisema umevunjika, jambo ambalo halikuwa uongo. Akajiambia kwamba hakuna hatari yoyote, mradi stoo ni yake peke yake na Fundi hana shughuli huko. Alikuwa ameilinda mashine dhidi ya mumewe. Kumlinda mumewe dhidi ya mashine hakukumjia akilini, maana kwake huyo alikuwa mtu wa chumba cha mbele.

Kisha wenzake Spana wa gereji wakatuma salamu. Walitaka kuja Jumapili, wakae, wamkumbuke mwenzao kwa bia ile aliyokuwa akiwasifia. Mama Kimea alikubali kabla mjumbe hajamaliza kusema. Ila mvua zilikuwa zimekaa vibaya wiki hizo. Kimea kilichotandazwa kwenye veranda hakikukauka sawasawa, ukikishika kilikuwa laini, kinanata kidogo. Alijua kimea kibichi hakifai kupita kwenye roli, kinajisokota na kuganda. Lakini bia haiivi kwa siku moja, inataka muda wa kuchacha na kutulia, na kama asingepika siku ile wageni wangekuta pipa tupu. Akasema liwalo na liwe.

Mchana ule Fundi alikuwa amemaliza kazi zake mapema. Alikuja mpaka mlangoni mwa jikoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamkuta mkewe anahangaika na sufuria kubwa ya maji ya moto huku, na ndoo za kimea kule. Akasema atamsaidia upande wa stoo. Mama Kimea alisita. Alimwambia akapumzike, kazi si nyingi. Fundi akacheka, akasema mgeni wa Spana ni mgeni wake pia, yule alikuwa shemeji yake, na kumimina punje kwenye faneli si kazi ya kumshinda mtu mzima.

Angemkatalia kwa sababu gani? Kila sababu aliyoitafuta ilikuwa inaelekea kwenye mwiko uliochomwa. Akamwambia tu amimine kidogo kidogo, kimea kina unyevu, na kikikwama asihangaike nacho, amwite. Fundi aliitikia, akapinda mikono ya shati kwa unadhifu kama afanyavyo kila kitu, akaingia stoo. Mama Kimea akawasha swichi.

Kwa muda ilikwenda. Alisikia punje zikidondoka, akasikia mashine ikizitafuna kwa mlio mzito, mzito kuliko wa siku zote. Yeye alikuwa anapima joto la maji kwa kiwiko, maana maji yakizidi kuchemka yanaua utamu wote wa kimea. Mlio ukashuka. Ukapanda. Ukawa kama wa mtu anayebeba gunia ngazini. Kisha ukakatika.

Mama Kimea alisimama na kata ya maji mkononi. Swichi ilikuwa karibu na bega lake, angeweza kuifikia bila kusogeza mguu. Na ni kweli aliitazama. Lakini wakati huohuo povu la maharage yaliyokuwa motoni kando ya maji lilipanda, likamwagika jikoni, moto ukafoka, mvuke ukamjia usoni, na katikati ya fujo hiyo akaisikia sauti ya Fundi ikipita kwenye tundu la waya.

"Mama, umeipumzisha?"

Alichokipata ni vipande vya neno, mwanzo wake na mwisho wake vilimezwa na moto. Alijua tu kwamba anaulizwa habari ya kupumzika. Na kwa kuwa yeye, kwa miezi mingi, alikuwa hana maana nyingine ya neno hilo kuhusu mashine ile ila ya Spana, akajibu alichokiona ni kweli.

"Imepumzika," alisema.

Alikuwa na maneno mengine mawili matatu ya kuongeza. Yalikuwa tayari kooni: usiiguse, ngoja kwanza. Lakini "usiiguse" ingezaa "kwa nini", na "kwa nini" ingezaa maswali mengine. Akaona aweke kwanza sufuria chini, kisha aende mwenyewe kule stoo atafute namna ya kumtoa. Aliinama, akashika masikio ya sufuria kwa tambara. Hakuwa ameinyanyua bado mota ilipokoroma.

Fundi hakupiga kelele kubwa. Ilikuwa sauti fupi, ya mshangao, kama ya mtu aliyekanyagwa. Ilikuwa fupi mno, na ndiyo maana Mama Kimea alijua. Alipiga swichi kwa kiganja, mlio ukafa, akakimbia.

Alimkuta amesimama wima kabisa, mkono wa kulia umeingia kwenye faneli mpaka kifundo, wa kushoto umeshika ukingo wa bati. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakuwa akiutazama mkono, alikuwa akiutazama ukuta.

"Zirudishe nyuma," alisema taratibu. "Kwa mkono. Zirudishe nyuma."

Hapakuwa na njia nyingine ya kuzifungua roli zile. Mama Kimea alipiga magoti, akaushika mkanda, akaikumbatia puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, kwa mikono miwili, na hapo akili ikamtoka: hakukumbuka nyuma ni upande gani. Mashine aliyoitazama ikizunguka siku zote hizo, aliyokaa nayo akizungumza nayo kama ndugu, hakujua inakozungukia. Akikosea atazidi kumwingiza. Alifunga macho, akaona punje zinavyoshuka katikati, akaona roli zinavyoelekea chini pamoja, akageuza kinyume chake. Puli ilikuwa nzito. Ilitoka kidogo kidogo, na kwa kila kidogo aliisikia pumzi ya mumewe ikipita menoni. Wala hakuomba aache. Mkono ulipotoka, aliufunga kwa kanga yake bila kuutazama vizuri, akamshika kiunoni, akamtoa nje akipiga ukunga, majirani wakaja.

Hospitalini walimchukua kwa haraka, na aliporudishwa wodini mkono ulikuwa furushi jeupe. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya uchovu, alimweleza Mama Kimea pembeni kwamba kidole gumba kimepona. Kile cha shahada na cha kati wamevikata, havikuwa vya kuokoa. Cha pete watakiangalia. Akauliza mume wake anafanya kazi gani, na alipoambiwa, akatazama sakafu, akasema pole mama.

Kisha akauliza ilikuwaje, maana ana karatasi ya kujaza. Fundi alikuwa macho, akajibu yeye kutoka kitandani. Alisema alitia mkono kwenye mashine akidhani haina umeme, ikaanza yenyewe, ni ajali, hakuna wa kulaumiwa. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama Kimea alibaki amesimama kando ya kitanda. Neno lile, hakuna wa kulaumiwa, lilimchoma kuliko kama angepigwa. Aliona mlango umefunguliwa: angeweza kupita hapo, akakaa kimya, na mumewe angeishi mpaka mwisho wa siku zake akiamini kwamba ilikuwa ajali, na yeye angempikia na kumfunga vifungo vya shati na kumkatia nyama, na hakuna mtu ambaye angejua. Hakuweza. Alikuwa ameficha vya kutosha.

Alivuta kiti akakaa. Akamwambia Fundi kwamba alijua. Alimwambia habari ya mota kupumzika na kuamka yenyewe, na onyo la Spana, na kigoda, na mazungumzo, na jinsi alivyoacha swichi imewashwa kwa makusudi ili asikie ikiamka. Alimwambia habari ya mwiko. Alisema yote akitazama shuka, bila kulia, maana aliona kulia kungekuwa kumwomba huruma mtu aliye kitandani. Alipomaliza akangoja. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kufukuzwa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akageuka upande.

"Najua," alisema Fundi.

Mama Kimea aliinua uso.

"Nilikuona dirishani. Siku nyingi. Nilikuja kukuita uje kula, nikakukuta umekaa unaongea nayo, imenyamaza. Halafu ikaanza yenyewe, na wewe ukacheka." Aliuegemeza mkono uliofungwa juu ya mto. "Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu tumzike shemeji. Nikasema moyoni, nikiitoa hii mashine, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nikaiacha."

"Ulijua inaamka yenyewe," alisema Mama Kimea, polepole, kama anayejifunza kusoma.

"Nilijua. Nikajiwekea sharti moja tu: sitatia mkono mle kabla sijakuuliza kama umeipumzisha."

Alisema hivyo bila ukali wowote. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyomweleza mteja kwa nini koti limebana begani. Kisha akafumba macho, dawa zilikuwa zinamvuta.

Mama Kimea alimvutia shuka mpaka kifuani. Alitaka kumwambia kwamba hakusikia vizuri, kwamba moto ulifoka, kwamba "imepumzika" yake ilikuwa "imepumzika" ya Spana, haikuwa ya swichi. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyaona yanavyokwenda, moja baada ya jingine, na yalipofika mwisho yalikuwa yamemleta palepale: mtu alikuwa anajua hatari iliyoko, akamuuliza mke wake, mke wake akamjibu, akatia mkono.